Kuridhia Kushikwa Mkono

Maneno haya nayasema mimi, na anayeyaandika ni binti yangu wa mwisho. Nimemwomba asipunguze wala asipambe, hata pale atakaposikia ya baba yake ambayo hakuwa akiyajua.

Tanga ni mji wa baiskeli. Sisi tuliokulia Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu zinazoitwa kwa namba, tunaijua baiskeli kama mtoto wa Pangani anavyoujua mtumbwi. Mimi nilikwenda nayo kazini miaka ishirini na tatu, asubuhi na jioni, madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma kwa mpira. Mwaka 2012 nikamgonga mama mmoja mwenye beseni la maandazi. Alikuwa akivuka kutoka mkono wangu wa kulia. Sikumwona anakuja, nilimwona akiwa chini tayari. Nikamwokotea, nikamlipa, nikamwambia, "Mama, umetokea ghafla mno." Akaniangalia tu. Hazikupita wiki tatu nikauparamia mkokoteni uliokuwa umeegeshwa kando ya njia. Huo haukutokea popote. Ulikuwa pale pale, nami nilikuwa nikiangalia mbele kama kawaida, na mbele nilikuwa naona vizuri kabisa.

Hicho ndicho kilichonidanganya. Ugonjwa huu hauanzii mbele. Unakula pembeni kwanza, taratibu, kama panya anayeutafuna mkeka kuanzia ukingoni, na hauumi. Mtu husoma gazeti, hutunga uzi kwenye sindano, ilhali pande zote mbili zimekwisha kwenda. Wengi kwetu wanauita presha ya macho; madaktari wanauita glakoma. Maji ya ndani ya jicho yanashindwa kutoka sawasawa, mgandamizo unapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo. Mimi wakati ule sikujua lolote kati ya haya. Nilijua tu kwamba kuna jambo, na nikaamua lisijulikane.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye kuficha, maana ndiko nilikopoteza miaka.

Nilikuwa na miaka 49, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita na la saba. Niliacha baiskeli, nikasema nimeshauriwa nitembee kwa ajili ya sukari. Sina sukari. Nikanunua barabarani miwani ya kusomea, kisha nyingine yenye nguvu zaidi. Nikaacha kwenda msikitini Isha na Alfajiri kwa sababu ya giza, na nilipoulizwa nikasema tumbo. Harusini nilikaa karibu na mlango, mahali ambapo nisingelazimika kupita katikati ya watu waliokaa chini. Nilihesabu hatua za kila mahali: kutoka lango la shule hadi ngazi, kutoka ngazi hadi darasani, kutoka kitandani hadi uani. Mtu akiniona natembea polepole huku nikichezesha midomo alidhani naleta uradi. Nilikuwa nahesabu. Na hata walioniita mcha Mungu kwa ajili hiyo sikuwasahihisha.

Ubaoni ndiko kulikoanza kunishinda. Namba zilipandana. Naandika sehemu ya pili ya hesabu juu ya ile ya kwanza, na darasa zima linanyamaza. Siku moja msichana wa dawati la mbele akasema kwa upole, "Mwalimu, shuka chini kidogo, hapo pana maandishi." Nikamwita. Nikamchapa fimbo mbili za mkononi mbele ya wenzake, nikasema ni utovu wa adabu. Hakulia. Alirudi akakaa, na nilipoendelea kuandika nikamsikia anasoma kwa sauti ya chini kila namba niliyoiandika, moja moja, mpaka kengele ikalia. Nikadhani ni kiburi.

Mwaka 2014 ilikuja timu ya macho shuleni kupima watoto. Muuguzi mmoja akaomba na walimu wapimwe. Alinimulika kwa muda mrefu kuliko wenzangu, kisha akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Nyumbani nilisema nakwenda semina.

Nilipanda basi la alfajiri, nikakaa dirishani upande wa kulia, upande wa milima. Tangu ujana nimeipenda njia ile: mkonge baada ya Segera, kisha Korogwe, Mombo, halafu milima ya Usambara inakufuata hadi inapokukabidhi kwa milima ya Upare. Safari ile nilitaka kuiona na ikanibidi niokote kipande kipande. Nikigeuza shingo nakipata kilele, mabonde yamepotea. Nikilishika bonde, kilele hakipo. Abiria mwenzangu akaniuliza kama shingo inaniuma. Nikasema ndiyo.

Hospitalini walinikalisha mbele ya mashine yenye umbo la bakuli kubwa. Unaingiza uso, unaangalia katikati, na kila unapoona nukta ya mwanga imewaka mahali popote unabonyeza kitufe. Nikakaa, nikasubiri. Zikawaka chache, nikabonyeza. Kisha kimya. Nikamwambia mhudumu, "Dada, nadhani mashine imezimika." Akasema kwa sauti ya huruma, "Haijazimika, baba. Endelea kuangalia katikati."

Karatasi iliyotoka ilikuwa nyeusi pande zote, na katikati pamebaki duara dogo jeupe, kama mdomo wa kisima ukiutazama ukiwa ndani. Presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha zebaki. Langu la kushoto lilikuwa 38, la kulia 31. Daktari alikuwa kijana, lakini aliongea nami kama mtu aliyelelewa. Akaniambia, "Mzee wangu, kilichokwenda hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Tunachofanya ni kulinda kilichobaki." Akaniandikia dawa ya matone, asubuhi na jioni, baada ya kuniuliza kama nina pumu, kwa kuwa dawa ile haimfai mwenye pumu. Akauliza pia, "Kwenu kuna aliyepofuka?" Nikajibu hapana.

Baba yake mama yangu alikuwa haoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka msikitini na kumrudisha, tangu nina miaka sita hadi alipofariki. Lakini nyumbani tuliita ule "uzee", na neno likishakaa miaka arobaini kwenye ulimi, mtu hasikii tena lilichofunika.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana hayana faida. Jirani alinitajia mtu aliyetolewa mtoto wa jicho akaona tena, nami nikabaki na tumaini hilo mwaka mzima, ilhali mtoto wa jicho ni ugonjwa mwingine kabisa: ule huziba mbele kama kioo chenye ukungu, na kioo hubadilishwa, wangu umekata waya. Nilinywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Nilikwenda kwa mganga upande wa Muheza, akaniambia ni mkono wa mtu kazini, nikarudi nikiwaangalia walimu wenzangu kwa jicho baya, watu waliokuwa wakinisahihishia madaftari. Nilitiwa maji ya majani fulani yaliyoniwasha siku nne. Halafu nikachoka. Nikaiweka ile dawa ya matone juu ya kabati na sikuigusa tena. Nilijiambia kwamba sasa nimekubali, limeandikwa, namwachia Mungu.

Kwa nje nilionekana mtulivu. Ndani nilikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha yote, na moshi haujatoka.

Aliyenifungua ni mke wangu. Ilikuwa usiku, ameweka kikombe cha chai ya tangawizi mezani. Nikanyoosha mkono nikakipata, kama kila siku. Akasema, "Unajua kwa nini kikombe unakipata kila siku?" Nikanyamaza. "Kwa sababu nakiweka mahali pale pale, mwaka wa tatu huu. Na kigoda hakikai tena ujiani, na mlango wa uani hauachwi nusu. Watoto wote nimewafundisha." Nikamuuliza tangu lini amejua. Akanijibu, "Baba watoto, macho yako yamenitazama miaka ishirini na tano. Ulidhani sitajua yalipoacha?"

Nililia usiku ule kama mtoto, na yeye hakuninyamazisha. Asubuhi akaniambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo baada ya Alasiri utakwenda kwa Maalim."

Maalim ndiye aliyenifundisha alifu na be, nikiwa na ubao wangu na wino. Wakati huu alikuwa amepita miaka themanini, magoti yamemkatalia, anasomesha akiwa ameegemea mto barazani kwake Makorora. Nilimbusu mkono, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kunitaja jina kabla sijajitambulisha. Nikamweleza yote, na mwisho nikasema nimekuja kuomba dua ya macho yangu yarudi.

Aliinua mikono, tukasoma Fatiha, akaomba dua ndefu. Kisha akaniuliza, "Dawa ya hospitali unatia?"

"Nimeacha, Maalim. Nimemwachia Mungu."

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, umemwachia Mungu, au umemsusia?"

Sijapata kuulizwa swali lililoniingia kama lile. Kwa maana kususa nakujua. Mtoto akinyimwa nyama hususa na wali. Mimi nilinyimwa pembeni nikasusa na katikati, lile duara dogo ambalo Mungu alikuwa bado amenibakizia. Na kususa kwangu nilikuwa nimekuvisha kanzu nikakuita ridhaa.

Maalim akanisimulia habari ya Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa safarini kwenda Sham, upande wa Syria, akasikia kuna tauni, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubaida bin al-Jarrah akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu, ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja kavu: kokote atakakolisha, amelisha kwa kadari. "Na hiyo chupa iliyo juu ya kabati," Maalim akasema, "nani aliyeikadiria?" Nilipofika nyumbani niliishusha. Ilikuwa imekwisha muda wake, nikanunua nyingine. Mpaka leo natia asubuhi na jioni, na jicho la kulia bado linaniambia taa imewaka au imezimwa, dirisha liko wapi. La kushoto limekwenda.

Nikawa nakwenda kwake kila baada ya Alasiri. Yapo mengi aliyonipa, na mengine hayaelezeki kwa maneno, kwa sababu yalikuwa katika kukaa tu. Lakini mawili ya mwanzo nayasema.

La kwanza ni kulia. Mimi nilifundishwa, kama wanaume wengi wa umri wangu, kwamba mwenye subira halii. Maalim akanikumbusha Nabii Yaakub. Huyu ndiye aliyesema subira njema alipoletewa kanzu ya mwanawe ina damu, na ni huyo huyo aliyemlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Subira na machozi vilikaa katika kifua kimoja, cha Mtume, na hakuna kilichomfukuza mwenzake. Tofauti, alisema Maalim, ni mahali pa kushitakia. Yaakub alisema huzuni yake anamshitakia Mungu. "Wewe ulikuwa unamshitakia nani?" Nikafikiri. Nilikuwa nawashitakia walimu wenzangu, mke wangu, yule mama wa maandazi, na mtoto wa miaka kumi na miwili.

La pili lilinichukua siku nyingi zaidi. Nilitegemea atanipa uradi wa kusoma mara kadhaa kila usiku. Ningeupenda, maana ni jambo la kufanya peke yangu, gizani, hakuna anayeniona. Badala yake akasema, "Kesho uje umeshikwa mkono."

Nikamwambia njia naijua, nimeihesabu. Akasema, "Ndiyo maana."

Kesho sikwenda. Wala kesho kutwa. Nilikaa siku kumi na moja ndani. Kila nikivaa kanzu nafika mlangoni, najiona nikipita mbele ya mafundi baiskeli, mbele ya wauza kahawa, mbele ya vijana niliowafundisha, nimeongozwa kama kipofu. Na neno lenyewe, kipofu, lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu. Siku ya kumi na mbili mjukuu wangu wa kike, ana miaka saba, akaniambia, "Babu, bibi kasema leo mimi ndiye nakupeleka." Akaushika mkono wangu bila kusubiri jibu.

Mkono wa mtoto una joto lake. Nilipoushika nikawa mimi ndiye niliyeshikwa na nikawa mimi ndiye ninayeshika. Nikamkumbuka babu yangu: vidole vyake vikavu, na namna alivyokuwa akinibinya kidogo tukifika penye mtaro, kuniuliza bila kusema. Mimi nilikuwa nikimwonea haya. Kuna siku wenzangu walikuwa wanacheza mpira, nikamwacha kasimama jua kali, nikaenda kucheza kidogo, nikarudi nikamkuta pale pale. Hakunisema. Aliuliza tu, "Mmeshinda?" Miaka yote nilidhani hakuelewa kilichotokea. Siku ile, nimeshikwa na mjukuu, nikaelewa kwamba alielewa kila kitu, na alikuwa ameshayamaliza na Mola wake mambo ambayo mimi ndiyo kwanza nayaanza.

Tulipita kwa mafundi baiskeli. Nikasikia spana zinanyamaza. Kisha sauti ya mmoja: "Mwalimu, shikamoo." Nikaitikia. Wa pili naye akaamkia, na wa tatu. Spana zikaendelea. Ndilo jambo nililoliogopa miaka mitano, na liliisha kabla hatujafika kona.

Maalim alipousikia mwendo wa watu wawili akasema, "Alhamdulillahi, sasa tunaweza kusoma." Akanisomesha habari za Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona. Nilikuwa nalijua jina lake, kila aliyepita chuoni analijua, kwa kuwa Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu yake, Mtume alipokunja uso na kumwelekea mkubwa wa Kikureshi. Lakini sikuwa nimezingatia mengine. Aliomba ruhusa asali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Akaulizwa, unausikia mwito? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi itikia. Nilipolisikia hilo nikakumbuka Isha na Alfajiri zangu zote za kusingizia tumbo.

Na huyu huyu alikuwa mwadhini. Mwezi wa Ramadhani, mwadhini mwenzake Bilal aliadhini ingali usiku, na watu waliambiwa kuleni na kunyweni mpaka mtakapomsikia Ibn Ummi Maktum. Maalim akasimama hapo. "Haoni. Atajuaje kumekucha?" Nikasema sijui. "Wanamwambia. Hapandi kuadhini mpaka aambiwe, kumepambazuka, kumepambazuka. Mji mzima unafunga kwa sauti ya mtu ambaye alfajiri anaambiwa na wenzake." Akaniacha na hilo, akawageukia watoto waliokuwa wakisubiri kusomeshwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na wepesi ambao sijui niufananishe na nini. Miaka yote nilikuwa nabishana na giza, na giza halikuwa mshindani wangu. Nilichokuwa nakikataa ni kuambiwa. Kuambiwa shuka chini kidogo. Kuambiwa kuna ngazi. Mtu akiniambia, maana yake amejua, na akijua basi mimi si yule. Nilipoacha kumlinda yule, kifua kikafunguka. Usiku ule niliswali Isha msikitini kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mwanangu akiwa kanishika, na nilipoweka paji la uso chini nikaona kwamba katika sijida hakuna aonaye mbali.

Nisidanganye mtu. Utulivu huu si kitu unachokipata ukaweka sandukuni. Zipo alfajiri mpaka sasa ninaamka, nafumbua macho, na kwa muda wa pumzi mbili nasubiri. Kisha nakumbuka. Zamani hizo pumzi mbili ziliniharibia siku nzima. Sasa nasema inna lillahi, namgusa mke wangu bega, tunaamka.

Jambo jingine Maalim alinipa karibu na mwisho wa maisha yake. Nilimwambia kuna kitu bado kinanikwaruza, nikamsimulia ya yule mtoto wa dawati la mbele. Akanisikiliza, akasema, "Ridhaa na radhi ni mtu na ndugu yake. Wewe unataka ridhaa, na radhi hujaiomba." Alifariki kabla sijatimiza. Nilimzika nikiwa nimeshika mti wa jeneza kwa mkono mmoja na bega la mwanangu kwa mwingine.

Nilianza na aliye karibu. Nilimwomba radhi mke wangu kwa semina ya uongo na mengine. Niliwaomba radhi walimu wenzangu wawili. Mmoja hakuwa hata amejua nimemdhania nini. Nikawaita ndugu zangu wote kwa baba na mama, nikawaambia wazi: babu hakuwa na uzee, alikuwa na ugonjwa huu, nami ninao, na huenda kwa damu, nendeni mkapimwe. Dada zangu walikuwa salama. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 44, alikutwa presha imepanda na mshipa umeguswa kidogo sana. Haoni tofauti yoyote, ila anatia matone yake. Anaendesha gari la mizigo kati ya Tanga na Arusha hadi leo. Ningesema pale KCMC, siku ile nilipoulizwa, angepimwa miaka minne kabla. Hilo nalo nimeliombea radhi, kwake na kwa Mungu. Kwa hiyo wewe unayesikia haya, kama kwenu kuna babu au shangazi aliyeitwa mzee kwa sababu ya macho, na umefika miaka arobaini, usingoje dalili. Haiji na dalili. Nenda ukapimwe presha ya macho.

Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka 55. Yule msichana nilimtafuta kwa kuulizia. Nikaambiwa yuko soko la Mgandini, ana meza ya matunda. Nilikwenda na mjukuu wangu, aliyekuwa amekua sasa, akinishika kwa uzoefu. Nikasimama mbele ya meza, nikasikia harufu ya mananasi, nikamtaja jina. Akasema, "Mwalimu!" kwa furaha ambayo sikuistahili.

Nikamwambia nilichojia. Nikasema nilimchapa kwa sababu aliniambia kweli, nami sikutaka iwe kweli. Nikasema naomba radhi. Alinyamaza, na pale sokoni kelele zikawa kubwa sana. Kisha akasema, "Mwalimu, iliniuma. Sikudanganyi. Lakini wenzangu wakati wa mapumziko walitaka tumweleze mwalimu mkuu, mimi nikawakataza. Tukapangana: anayekaa mbele awe anasoma unachoandika, ili ujue umefika wapi. Tulifanya hivyo mpaka tukamaliza la saba."

Nikashika ukingo wa meza. Mwaka mzima na zaidi, watoto wa miaka kumi na miwili walinishika mkono kwa sauti zao, nami nilikuwa nikiita kiburi.

Sikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyesema, "Nimekuwia radhi zamani, Mwalimu. Lakini kama unataka kunilipa, nina mdogo wangu darasa la tano, hesabu zinamtesa."

Alimleta kesho yake. Hatuna ubao. Namfundisha hesabu za kichwa: namtajia, anajibu, nauliza umeipataje, ananieleza hatua kwa hatua, na akikosea nasikia kwenye sauti yake kabla hajamaliza. Akaja na rafiki. Sasa ni tisa, wanakaa barazani kwangu kila siku baada ya Alasiri, mke wangu anawakaangia mihogo. Tunazidisha, tunagawanya, tunabishana. Mimi sijui muda umekwenda vipi, kwa kuwa jicho langu la kulia halitofautishi tena jioni na kivuli cha mwembe. Mmoja wao ndiye huniambia.

"Mwalimu, jua limezama."

Nami nafunga somo, nanyanyuka, nanyoosha mkono.

"Haya, nani wa leo?"